Sura ya Saba: Siku Isiyo na Feri

Kisanduku kilikuwa nyuma ya siagi. Bi. Dolina MacCuish alikiona saa moja asubuhi ya Jumatano, alipokuwa akitafuta mayai ya wageni, na kwa kuwa hakuweza kusoma maandishi madogo bila miwani, alikiweka kando akaendelea kukaanga. Alipovaa miwani ndipo alipokimbilia simu.

Inspekta Marsaili Nicolson alikifungua kwa ncha ya kalamu. Ndani mlikuwa na chupa mbili za insulini, moja imejaa na nyingine imeanzwa, na sindano zikiwa bado kwenye karatasi zake. Juu ya kifuniko jina lilikuwa limeandikwa kwa wino: E. Rennie.

"Basi tumekwisha," alisema Konstebo Gillies, mtu mnene aliyebakiwa na miezi minne astaafu.

"Punguza sauti, Alasdair. Binti yake yuko chumba cha pili."

Tangu Jumanne mchana, binti yake alipotoa taarifa kwamba hapatikani, polisi walikuwa wakimtafuta Euphemia Rennie, mwalimu mstaafu wa mji wa Glasgow, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja. Walimtafuta katika kisiwa cha Skye, ng'ambo ya maji, kwa sababu orodha ya feri ya Jumatatu asubuhi ilionyesha kwamba yeye na gari lake la kukodi walivuka. Huko Skye kulikuwa na watu arobaini, mbwa sita na helikopta moja. Hapa kisiwani Harris walikuwapo Nicolson na Gillies tu.

Nicolson aliinua simu ya ukumbini akampigia daktari wa mji wa Stornoway.

"Mgonjwa wa sukari anayetegemea insulini, bila sindano, ana muda gani?"

"Alijidunga mara ya mwisho lini?"

"Tuseme Jumapili asubuhi."

"Siku tatu. Wengine hufika ya nne, lakini mimi sitakuahidi ya nne. Leo ndiyo ya tatu, Inspekta."

Alirudi jikoni. Bi. Dolina alikuwa amesimama karibu na jiko, mikono ndani ya aproni, macho mekundu.

"Keti, mama. Hakuna anayekulaumu. Nieleze alivyoondoka."

"Wewe si binti wa Donnie Posta, wa Ness?"

"Ndiye."

"Baba yako alikuwa mtu mwema. Barua zake zilikuwa zinachelewa, lakini mtu mwema." Aliketi. "Huyo bibi alikuja Jumamosi jioni. Feri iliyomtoa kisiwa cha Uist ilichelewa kwa saa tano kwa sababu ya upepo. Alilipa siku zote mbili palepale, maana alijua Jumapili mimi sishiki pesa. Akasema Jumatatu ataondoka alfajiri kuwahi feri ya Skye, nisiamke kwa ajili yake. Jumatatu nikakuta chumba kitupu, kitanda kimetandikwa, gari halipo, na mizigo yake hakuwahi kuishusha garini. Nikasema, ameenda salama."

"Jumapili ulimwona?"

"Nani anamwona nani Jumapili, binti yangu? Asubuhi nilikwenda kanisani. Mchana nililala. Jioni nilikwenda kanisani tena."

"Alikula nini?"

"Jumapili hapa ni Sabato: hatupiki, hatufanyi kazi, hatusafiri. Nyama na viazi vilipikwa Jumamosi. Nilimwekea sahani ya mchana kwenye friji, nikamfunikia, na ya kifungua kinywa cha Jumatatu kando yake."

"Sahani zilirudi vipi?"

Bi. Dolina aligeuka. Alitazama friji kana kwamba imemsema.

"Zilikuwa zimejaa," alisema polepole. "Zote mbili. Nilimpa mbwa Jumatatu. Nikadhani hapendi nyama baridi. Watu wa Glasgow wana maneno yao."

Nicolson alimwangalia Gillies. Mtu mwenye sukari hakosi chakula cha mchana kwa kuchagua. Sahani ya Jumapili ilikuwa imejaa, basi Euphemia Rennie hakuwapo nyumbani humo mchana wa Jumapili. Dawa zake zilikuwa bado kwenye friji, basi hakurudi. Na kama hakurudi, hakupanda feri ya Jumatatu, hata orodha iseme nini.

"Niitie karani wa gati," alisema.

Karani alipatikana kwa simu baada ya dakika kumi. Alikuwa na sauti ya mtu aliyeamshwa.

"Jina lake lina alama, Inspekta. Niliweka mwenyewe."

"Ulimwona usoni?"

"Niliona gari."

"La rangi gani?"

"Sikiliza. Magari yaliyowekewa nafasi yalikuwa ishirini na mawili. Yaliyoingia yalikuwa ishirini na mawili. Ukiwa na mvua usoni na nahodha anapiga honi, unahesabu magari, huhesabu majina."

"Lilikuwapo gari lolote lililoingia bila nafasi?"

"Gari la samaki," karani alisema. "Lilikuwa linasubiri pembeni. Nafasi ilikuwapo, nikamwambia apande."

"Kwa hiyo ni ishirini na moja na gari la samaki."

"Mungu wangu," alisema karani.

Nicolson alimpigia mkuu wake Inverness akamweleza yote: sahani, kisanduku, gari la samaki. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa haki na mtu mgumu.

"Huenda karani hakukosea Jumatatu, anakosea leo anapokumbuka," alisema. "Bibi anaweza kusahau dawa. Huku Skye kuna mtu wa duka anayeapa alimuuzia mkate Jumatatu mchana. Wewe una sahani ya viazi. Nikiigeuza helikopta na huyo bibi akafia kwenye milima ya Skye, nitamwambia nini binti yake? Nipe mtu mmoja, Marsaili. Mtu mmoja aliyemwona huko kwa macho yake baada ya Jumamosi."

"Jumapili, bwana? Hapa?"

"Najua. Lakini ndivyo ilivyo."

Elspeth Rennie alikuwa ameketi sebuleni na koti lake mwilini, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, hakulala tangu aliposhuka kwenye ndege Stornoway. Mapajani alikuwa na daftari la shule lenye jalada la kijani.

"Hii ni nakala ya mpango wa safari," alisema. "Ya kwake anayo mwenyewe. Tuliuandika wote wawili majira yote ya baridi, kila Alhamisi, mezani kwangu. Siku kumi na nne. Treni mpaka Oban, gari la kukodi, feri ya Barra, kisha kisiwa baada ya kisiwa kupanda juu, kisha Skye, arudishe gari Kyle, apande treni nyumbani. Kila feri ina saa yake. Mpaka chai tuliiandika."

Nicolson alichukua daftari. Mwandiko ulikuwa wa mwalimu, mistari imenyooka kama uzi. Siku ya tisa, Jumamosi: kushuka Harris saa nne asubuhi. Kanisa la kale la Rodel. Mfumaji wa Luskentyre. Kisiwa cha Halasay, maji kupwa saa tisa na dakika kumi alasiri. Siku ya kumi, Jumapili: hakuna feri, mapumziko. Siku ya kumi na moja, Jumatatu: feri ya Skye.

"Feri ilichelewa," Nicolson alisema. "Jumamosi yake nzima ilipotea. Rodel, mfumaji, Halasay, hakufika hata mahali pamoja. Hapa mbele palikuwa na siku ya akiba?"

Nicolson alipitisha kidole kwenye mshono wa daftari.

"Kuna ukurasa umekatwa kwa wembe."

"Ilikuwapo," Elspeth alisema. "Jumatatu ya akiba, hapa Harris. Mimi ndiye niliyeikata. Nilimwambia, mama, hali ya hewa ya Juni ni nzuri, unataka kukaa bure kwenye nyumba ya wageni ukitazama mvua? Niliona nimemsaidia."

Nicolson aliurudia ukurasa wa siku ya tisa. "Kati ya hizi tatu, ipi asingekubali kuikosa?"

"Sijui. Kanisa alilipenda. Mfumaji alikuwa amemwandikia barua. Halasay ndiko alikozaliwa mama yake."

Nicolson aligawa kazi. Gillies aende Rodel na Luskentyre kwa gari lake, abishe kila mlango. Yeye aende upande wa Halasay. Elspeth hakuomba kwenda. Alitoka nje akaketi kwenye kiti cha mbele cha gari la polisi, akafunga mkanda.

Barabara ya Halasay ni nyembamba, gari moja kwa wakati mmoja, na nyumba kumi na mbili zimetawanyika kandokando yake mpaka inapoishia baharini. Nicolson alibisha kwenye kila nyumba. Alijibiwa vilevile kila mara.

"Jumapili? Nilikuwa kanisani."

"Na baina ya ibada ya asubuhi na ya jioni?"

"Nyumbani, na Biblia."

"Pazia?"

"Limefungwa, kama watu."

Kwenye nyumba ya saba bibi mmoja wa miaka tisini alimcheka waziwazi. "Binti wa Donnie, umekaa sana na polisi. Ungeniuliza habari za Jumatatu ningekwambia hata paka wa nani kapita. Jumapili hata akipita Firauni na magari yake simwoni."

Saa tisa alasiri redio iliita. Ilikuwa sauti ya Gillies. "Rodel hakuna kitu. Mfumaji alimsubiri Jumamosi, akamwekea na keki, hakuja. Jumapili mlango ulikuwa umefungwa. Naendelea na nyumba za chini, lakini nakwambia kweli, Marsaili, huku ni kuuliza mawe."

Elspeth alisikia. Hakugeuza kichwa. Alikuwa akitazama saa ya gari.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Tormod Martin. Ilisimama peke yake mahali barabara inapokufa, na mbele yake palikuwa na mkono wa bahari wa mita mia nne hivi. Ng'ambo yake kilikuwa kisiwa cha Halasay, kijani na kitupu, na magofu ya nyumba zilizoachwa na watu miaka sitini nyuma. Maji yanapokupwa, mtu huvuka kwa miguu juu ya mchanga kwa muda wa saa tatu. Yanapojaa, hapavukwi ila kwa boti. Wakati huo yalikuwa bado yamefunika mchanga, yakitiririka kwa kasi, rangi ya chuma.

Hapakuwa na gari la kukodi. Nicolson aliangalia nyuma ya nyumba, nyuma ya banda la kondoo, nyuma ya rundo la mboji kavu inayochomwa kama kuni. Hakuna.

Tormod Martin alitoka kabla hajabishiwa. Alikuwa na miaka sitini na minane, mrefu, amenyoa vizuri, shati limefungwa kifungo cha juu. Alikuwa mzee wa kanisa na kiongozi wa zaburi, na sauti yake ilijulikana kutoka Harris mpaka ncha ya Lewis.

"Inspekta."

"Bwana Martin. Tunamtafuta bibi mmoja, gari dogo jekundu. Huenda alipita hapa Jumapili mchana."

"Hakupita mtu."

"Ulikuwapo?"

"Ibada iliisha saa saba. Nilikula, nikapumzika ndani. Saa kumi na mbili niliongoza zaburi za jioni. Watu mia moja na ishirini walinisikia."

"Sina shaka nao." Aliandika. "Kama alipita ukiwa ndani, usingeona."

"Nisingeona. Lakini kama hakurudi, gari lake liko wapi? Barabara hii haina pengine pa kwenda."

Lilikuwa jibu zuri. Nicolson alifunga daftari. Alitembea kuelekea gari, na njia ilimpitisha kando ya boti.

Ilikuwa imelazwa kifudifudi juu ya magogo, futi kumi na nane, hatua ishirini kutoka barabarani. Ubavu wote ulikuwa umepakwa rangi mpya ya buluu. Aliweka kiganja juu yake. Rangi ilikuwa kavu, laini, haina harufu wala kovu hata moja la tone.

Alisimama hapo kwa muda. Mvua ilianza Jumapili, ibada ya jioni ilipokuwa ikitoka. Yeye mwenyewe alilowa mlangoni mwa kanisa. Ilinyesha Jumatatu kutwa kucha, na Jumanne mpaka usiku. Leo asubuhi kulikuwa na umande mpaka saa nne.

"Boti nzuri, Bwana Martin."

"Ni ya kuvulia kamba, na ya kuwavusha watalii msimu huu. Mkaguzi wa bahari anakuja kesho. Asipoipitisha, sina msimu."

"Rangi umeipaka mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Lini?"

"Wiki iliyopita."

"Siku gani?"

"Ijumaa."

"Ijumaa mvua ilinyesha mpaka mapipa yakafurika. Kondoo wa dada yangu walizolewa na maji."

"Basi Jumamosi."

"Jumamosi ulikuwa Ness kwenye ushirika mtakatifu. Uliongoza zaburi tangu asubuhi, ukarudi na basi la saa nne usiku. Mama yangu amekusifu mpaka jana."

Martin aligusa kifungo cha juu cha shati.

"Leo umande ulikauka saa nne, na rangi iliyopakwa baada ya hapo ingekuwa bado inanuka. Jumatatu na Jumanne mvua ingeiosha yote." Nicolson alisema bila kupandisha sauti. "Bwana Martin, juma zima lilikuwa na mchana mmoja mkavu. Mimi si mchungaji wala si baraza la kanisa. Sikuulizi kwa nini. Nakuuliza uliona nini ulipokuwa hapa na brashi mkononi."

"Nilikuwa ndani," Martin alisema.

Mlango wa gari ulifunguliwa. Elspeth alishuka akasogea mpaka alipokuwa hatua mbili kutoka kwa mzee huyo. Hakupiga kelele.

"Mzee, mimi ni binti yake," alisema. "Nilikata siku moja kwenye mpango wake, ndiyo maana alikuja Jumapili. Hilo nimelisema. Sasa na wewe sema lako, halafu tutaona nani mbaya. Lakini sema sasa. Sema, anakufa."

Martin alitazama maji.

"Saa tisa na nusu," alisema. "Gari jekundu. Nilikuwa upande huu wa boti. Lilikwenda polepole sana, kama mtu anayepita penye msiba. Halikufika hapa mwisho. Liliingia machimboni, kule kwenye mawe ya zamani, nyuma ya kilima."

"Kwa nini machimboni?" Nicolson aliuliza, ingawa alikwisha kujua.

"Ili sisi tusilione. Alikuwa analificha kwa heshima ya Jumapili. Kisha akaja kwa miguu na fimbo na mkoba, akavuka mchanga. Nilimaliza ubavu nikaingia ndani kuvaa. Niliporudi kutoka kanisani ilikuwa mvua. Nikajiambia, amekwisha rudi. Sikwenda machimboni kuangalia."

"Na Jumatatu?"

"Nilisikia kwamba mgeni wa Bi. Dolina ameondoka na feri. Nikamshukuru Mungu. Jana waliposema amepotea Skye, nikasema basi alirudi, kapotelea huko. Niliamini, Inspekta. Nilitaka sana kuamini."

Nicolson alikuwa tayari kwenye redio.

"Nina shahidi, bwana."

"Nani?"

"Tormod Martin, mzee wa kanisa. Alimwona akivuka kwenda Halasay Jumapili alasiri."

"Yeye alikuwa wapi?"

"Nje, akipaka boti rangi."

Redio ilikwaruza. Mkuu alikuwa amezaliwa North Uist, na mke wake alikuwa wa Lewis, basi alijua uzito wa maneno hayo. "Ameyasema hayo mwenyewe? Kwa jina lake?"

"Mbele ya binti."

"Hakuna mtu wa huko anayeweza kujitungia uongo wa namna hiyo. Helikopta inageuka. Nipe dakika arobaini na tano."

Ilikuwa saa kumi na dakika kumi na tano. Nicolson alihesabu kwa vidole. Kila siku maji huchelewa dakika hamsini. Jumamosi yalikupwa saa tisa na dakika kumi, basi leo saa kumi na mbili na nusu. Mchanga usingekanyagika kabla ya saa kumi na moja.

"Ishushe boti," alisema.

"Haijakaguliwa. Hairuhusiwi kubeba mtu."

"Leo itabeba wawili. Shika huko."

Waliipindua wote watatu, Elspeth akisukuma kwa bega, kisha Martin akafunga injini. Alitaka kuingia, Nicolson alimkatalia. "Wewe ndiye redio. Gillies yuko njiani. Wakiuliza mahali, waambie: magofu ya upande wa mashariki." Kisanduku cha dawa alikitia ndani ya koti.

Martin aliendesha amesimama. Mkondo uliwavuta kushoto na yeye aliuacha uwavute, kisha akaukata kwa injini, na walifika ng'ambo bila kusemezana neno.

Magofu yalikuwa tisa. Nicolson aliita jina la bibi kwenye kila moja. Katika la sita aliona kwanza fimbo, imevunjika. Kisha aliona kiatu.

Euphemia Rennie alikuwa amejikunja kwenye pembe ambapo kuta mbili zilikuwa bado zimesimama. Mguu mmoja ulilala vibaya, umegeuka kutoka nyonga. Alikuwa amejivuta hapo. Mburuzo wake ulionekana kwenye nyasi. Alikuwa amejifunika koti la mvua na ramani iliyokunjuliwa. Alikuwa anapumua kwa nguvu na kwa haraka, kama mtu aliyekimbia, na pumzi yake ilinuka matunda yaliyoiva mpaka yakaharibika.

"Yu hai," Nicolson alisema. "Vua koti lako. Na sweta."

Martin alivua. Alipiga magoti akamfunika.

Kando ya mkono wa bibi lilikuwa daftari la kijani, pacha wa lile la Elspeth. Lilikuwa wazi kwenye siku ya kumi. Chini ya neno "mapumziko" mwalimu alikuwa ameandika safu ya saa kwa penseli. Jumapili, kupwa saa kumi. Jumatatu, kumi na dakika hamsini. Jumanne, kumi na moja na dakika arobaini. Kila siku alikuwa ameongeza dakika zake hamsini, akisubiri mchanga ufunguke na mtu avuke. Ya Jumatano ilikuwa imeanzwa tu. Tarakimu ya kwanza ilishuka ukurasani ikawa mstari.

"Bi. Rennie. Unanisikia? Mimi ni polisi. Elspeth yuko ng'ambo."

Macho yalifunguka kidogo. Midomo ilikuwa imepasuka. Nicolson alimlowesha kwa kitambaa.

"Samahani," bibi alisema. "Ilikuwa Jumapili."

"Usijali hilo."

"Yule wa boti..." Alipumua mara nne, tano. "Msimwandike. Hakuniona."

Nicolson hakugeuka. Nyuma yake Martin alikuwa bado amepiga magoti.

Helikopta ilifika saa kumi na moja na dakika tano, ikatua kwenye ukanda wa mchanga uliokuwa umeanza kutokeza. Mganga aliyeshuka alikuwa kijana mwenye mikono ya haraka. Alimtoboa mshipa, akatundika maji, akasikiliza kifua, akachukua kisanduku kutoka kwa Nicolson bila kuuliza. Elspeth alikuwa amevuka akiwa amelowa mpaka kiunoni, Gillies nyuma yake akimwita asubiri. Alikimbia sambamba na machela, kiganja chake kwenye shavu la mama yake.

"Ataishi?" Nicolson alimuuliza mganga karibu na mlango wa helikopta.

"Mngenipa jana ningekujibu." Alipanda. "Leo yu hai. Kesho asubuhi nipigie."

Waliondoka. Upepo wa mapanga ulilaza nyasi zote za Halasay upande mmoja, kisha zikainuka. Gillies alikwenda kuangalia gari machimboni.

Tormod Martin alikuwa amekaa juu ya jiwe, shati tu mwilini. Nicolson aliketi karibu naye akafungua daftari.

"Nahitaji maelezo yako kwa maandishi. Anaweza kuishi, anaweza asiishi. Vyovyote vile yatasomwa mahali."

"Andika."

Aliandika. Tarehe, saa, gari, machimbo, fimbo, mkoba. Martin alisema kila kitu kwa mpangilio, kama mtu anayetoa mistari ya zaburi mmoja mmoja ili watu waifuate. Nicolson alimsomea. Alikubali kila sentensi.

"Kuna la kuongeza?"

"Lipo. Yeye amesema sikumwona." Martin alikaza macho kwenye mchanga, ambao sasa ulikuwa wazi kutoka ufuko mpaka ufuko. "Alipofika katikati aligeuka. Aliniona vizuri kama ninavyokuona wewe. Aliinua mkono akanipungia."

Nicolson alisubiri, kalamu juu ya karatasi.

"Nami niliinama nyuma ya boti," Martin alisema, "nikakaa hivyohivyo mpaka alipofika ng'ambo. Hilo uliandike. Andika na jina langu lote."